Ujazo sawa, mwamba tofauti

Mdogo wangu unayeanza kazi ya modeli za miamba, yaani kuchora kwenye kompyuta umbo la mwamba ulio chini ya ardhi, haitapita muda utapewa modeli mbili za mwamba uleule na kuulizwa zinaachana kiasi gani. Usikimbilie ujazo. Mimi nilikimbilia.

Ulikuwa mshipa wa kwatzi huku Kanda ya Ziwa: urefu mita 400, kina mita 150, unene kama mita 2. Hizo ni mita za ujazo 120,000. Kwatzi ina tani 2.65 kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo ni tani 318,000. Modeli yangu na ya mwenzangu zilitoa takwimu zilizokaribiana sana, nikaandika "zinalingana". Mzee aliyetusimamia hakubishana. Alizipandanisha kwenye skrini, akakata mkato kila mita 25. Kaskazini zilikaa pamoja. Kusini, mshipa wangu ulilalia mashariki, wa mwenzangu magharibi. "Mmoja wenu anatuchimbisha magwangala," akasema, yaani mawe yasiyo na thamani.

Basi nikahamia kwenye kipimo cha mwingiliano: ujazo unaochukuliwa na modeli zote mbili, ugawanye kwa ujazo wa jumla zikiunganishwa. Ni hesabu ya Paul Jaccard, Mswisi aliyekuwa akilinganisha mimea, si mawe. Ni nzuri, lakini inaonea miamba myembamba. Mshipa wa mita 2 ukisogea pembeni mita 1, unabaki na 1 kwa 3, yaani 0.33. Mwamba wa mita 100 ukisogea mita hiyohiyo moja unapata 0.98. Kosa ni lilelile, alama ni mbingu na ardhi.

Kwa mishipa, pima umbali kutoka uso hadi uso. Kipimo cha Hausdorff huchukua nukta iliyo mbali kuliko zote, kwa hiyo mwiba mmoja uliochomoza kwa uzembe wa kuchora unaharibu jibu zima. Mimi hutazama umbali wa kati, ambao nusu ya nukta haziuvuki, na ule ambao asilimia 95 ya nukta haziuvuki, kisha napaka uso rangi kufuata umbali, nyekundu ikiwa mbali zaidi. Na upime kwenda na kurudi. Kama modeli yako ina tawi ambalo ya mwenzako haina, ukipima kutoka kwake tu, tawi hilo hutaliona kabisa.

Kabla ya yote hayo, kagua koodineti. Ramani zetu nyingi za zamani ziko kwenye mfumo wa koodineti wa Arc 1960, GPS inakupa mfumo wa WGS84, na mahali palepale nambari huachana kwa kama mita 300. Nimeona mtu akieleza kwa kirefu "ufa" uliosogeza mwamba, kumbe ni hilo. Kagua pia kama wavu wa pembetatu unaounda uso wa modeli umefungwa pote. Ukiwa na tundu, ujazo wake usiuamini. Na mshipa wa mita 2 usiujaze bloku, yaani vijisanduku, vya mita 10 ukategemea umbo libaki.

Ule mshipa wetu tulipoupaka rangi, wekundu wote ulijaa kusini. Tukaweka juu yake mashimo ya uchorongaji. Kusini kote lilikuwepo shimo moja tu. Sehemu nyingine yote ya kusini tulichora kwa kukisia, kila mtu na mkono wake. Tukaacha kubishana, tukaomba mashimo mengine mawili.