Mota ya HP 3 kwa HP 3, mbona sakiti breka inakatika? Angalia puli kabla ya kununua nyingine

Mkuu, nimelisoma swali lako mara mbili. Mota ya zamani iliungua, ukafunga nyingine ya HP 3 na kuhamishia puli (gurudumu la mkanda) ileile ya milimita 150. Sasa kompresa inajaza kwa fujo mpaka baa 5 hivi, kisha sakiti breka inakatika, na pampu, yaani kile kichwa kinachosukuma upepo, haigusiki kwa moto. Fundi kakwambia ununue ya HP 5. Subiri kwanza.

Umeandika mwenyewe kwamba kibati cha mota ya zamani kilisema mizunguko 1440 kwa dakika na hiki kipya kinasema 2880. Ugonjwa uko hapo. Puli kubwa ya pampu ina milimita 300, kwa hiyo zamani pampu ilizunguka 1440 × 150 ÷ 300, yaani mara 720 kwa dakika. Leo inazunguka 1440. Umeiongezea kasi mara mbili bila kujua.

Watu wanaangalia HP tu, lakini HP ni nguvu ya kusokota ikizidishwa kwa kasi. HP 3 kwenye 1440 inasokota kwa Nyutoni-mita 14 na ushee. HP 3 hiyohiyo kwenye 2880 inasokota kwa 7 na kitu tu. Pampu yako, kwa presha ileile na puli zilezile, inadai msokoto uleule wa zamani. Mota mpya inaweza kuutoa tangi likiwa tupu, maana hapo hakuna mzigo. Presha ikipanda inazidiwa, ampea zinaruka, breka inafanya kazi yake. Ukifunga HP 5 ya 2880 na breka kubwa inayoifaa, huenda kukatika kukaisha, halafu pampu ndiyo itakayokufa.

Hilo la pampu kufa nalijua vizuri, maana niliwahi kulifanya kusudi. Nilitaka tangi lijae haraka nikiwa napaka rangi, nikatoa puli ya 125 kwenye mota nikaweka ya 180. Wiki za mwanzo nilijisifu. Kisha maji ya tangi yakaanza kutoka na oili, rangi ikawa inakataa kushika, inaacha vitobo vidogovidogo kila mahali. Kufungua kichwa cha pampu nikakuta vali nyeusi kwa masizi ya oili iliyoungua, na kipande kimoja cha bamba la vali kimeshakwangua pistoni. Ile haraka niliyoipata ililipwa kwa pampu nzima.

Kwa hiyo hesabu ianzie kwenye pampu, mota ifuate. Pima silinda. Ya kwangu ya sasa ina silinda mbili, kipenyo milimita 65, mwendo wa pistoni milimita 50. Hiyo ni kama lita 0.33 kila mzunguko. Kwa mizunguko 900 unapata lita 299 kwa dakika kwenye karatasi, lakini upepo unaoingia tangini hasa ni kama theluthi mbili yake. Tangi la lita 200 kutoka tupu mpaka baa 8 linaingiza lita 1600 za hewa ya kawaida, na mimi linanichukua dakika 8. Kwa upepo wa namna hiyo HP 3 inatosha bila kuhema.

Sasa yako. Kurudisha pampu kwenye 720 kwa mota ya 2880 unahitaji puli ya 75. Hapo mimi nasita, kwa sababu mkanda wa A (saizi ya mkanda wa umbo la V) ukipinda kwenye kipenyo kidogo hivyo unachoka haraka, unateleza na kupiga kelele. Ningeweka ya 90: 2880 × 90 ÷ 300 ni 864. Lakini soma kwanza kibati cha pampu. Kama kasi ya juu inayoruhusiwa ni chini ya hapo, tafuta mota ya 1440, mambo yaishe. Na usipime puli kwa ukingo wa nje, pima pale mkanda unapokaa.

Usishuke mno pia. Pampu nyingi hizi zinarushiwa oili na kijiko kilicho chini ya konrodi (mkono unaosukuma pistoni), na zikizunguka polepole sana oili haifiki juu.

Angalia pia upande wa kuzunguka. Mbavu za puli kubwa ndiyo feni ya pampu, zinatakiwa zipulizie silinda. Mota mpya ikizunguka kinyume, tangi litajaa kama kawaida ila kichwa kitaiva. Kama ni umeme wa fezi tatu, badilishana waya mbili tu.

Ukishafunga, usipime ampea tangi likiwa tupu, hapo kila mota inaonekana nzima. Shika mita ya kubana (inayosoma ampea kwa kuukumbatia waya) kwenye waya mmoja wa moto, ngoja presha ikaribie pale kompresa inapojizima, na soma hapo. Ikiwa chini ya namba ya kibatini, umemaliza. Ikizidi kidogo, shusha puli hadi 80 kabla hujagusa kitu kingine. Niletee hizo ampea, na geji ilikuwa inasoma baa ngapi.