Muulize Mwalimu wa Muziki: "Najua solfa tu, chuo nitakiweza?"

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimemaliza Kidato cha Sita na nafundisha kwaya ya usharika wetu hapa Dodoma, sauti zote nne. Nimepata nafasi ya kusoma muziki na ualimu chuo kikuu, ila sijawahi kusoma nota za mistari mitano, najua solfa tu, ile ya do, re, mi. Baba anasema kuimba ni kipaji, digrii ya nini? Na bibi yangu, mpiga muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, ananicheka eti naenda kufundishwa ngoma na vitabu. Huko kuna nini hasa? – Mwanakwaya, Dodoma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mimi nami niliingia chuo na solfa yangu, na wiki za mwanzo niliificha kama mtu anavyoficha soksi iliyotoboka. Wenzangu wengine walikuwa wamepiga piano tangu utotoni. Kumbe kwenye kipindi cha kusikiliza, mwalimu akipiga nasi tunaandika tulichosikia, sisi watu wa kwaya ndio tuliokuwa tunapata. Shida ilikuwa mkono, yaani kuandika. Kwenye solfa ukishaona "Do ni F" umemaliza, unaimba. Kwenye mistari mitano inabidi ujue kwamba hiyo do, kwa ufunguo wa G (alama ya mwanzo wa mstari inayoonyesha G iko wapi), imekaa nafasi ya kwanza kutoka chini, na kwamba fa yake imeshawekewa alama ya kushusha sauti mwanzoni mwa mstari. Nilinakili nyimbo za kwaya kila jioni, kutoka solfa kwenda mistari, na baada ya miezi miwili hivi ikakubali.

Kilichoniumiza zaidi ni zoezi langu la kwanza la kupanga sauti nne. Lilirudi limejaa wino mwekundu: tano sambamba! Yaani sauti mbili zimeachana kwa hatua tano, kisha zikapanda pamoja bila kuachana zaidi wala kukaribiana. Kwa kanuni za Ulaya za enzi za Bach, mtunzi wa Kijerumani wa karne ya 18, hilo ni kosa, kwa sababu sauti mbili zikienda hivyo sikio huzichukua kama moja, na mtindo ule unataka kila sauti iwe na njia yake. Lakini mimi ni Mgogo! Kwetu sauti kufuatana kwa nne na kwa tano ndiyo utamu wenyewe. Nimelala na kuamka nazo. Nikaenda ofisini kwa mhadhiri na karatasi yangu, nimevimba. Akanisikiliza, akaniambia nimejibu vizuri swali ambalo hakuuliza. Nilitoka nimenuna. Ilinichukua muhula mzima kuelewa kwamba nadharia ile ni sarufi ya watu fulani wa wakati fulani, na ya bibi yako nayo ni sarufi, ila haijaandikwa sana.

Historia usiiogope, si kukariri tarehe tu. Nilishangaa kujua kwamba hiyo solfa tunayoionea aibu ilianzishwa na mwalimu wa kike wa Norwich, Uingereza, Sarah Glover, kisha John Curwen akaieneza karne ya 19, wamisionari wakaibeba hadi Afrika. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, aliandika kwa solfa wimbo wake wa 1897 ambao tuni yake ndiyo ya "Mungu Ibariki Afrika". Halafu kuna Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, aliyesafiri kutoka Unguja hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Insha yangu ya kwanza iliyonipa A ilikuwa juu yake.

Ualimu ndio utakaokutoa jasho. Mazoezi ya kufundisha nilipelekwa shule yenye darasa la wanafunzi 70 na kinanda kimoja kisicho na betri. Nikaomba chupa tupu za soda kantini, nikazitia maji kwa viwango tofauti, nikazigonga kwa kijiko. Chupa ya la ilikataa kukaa sawa mpaka mtoto mmoja wa nyuma akaja, akapunguza maji funda moja, ikakubali. Hakuwa amefundishwa na mtu.

Mwambie baba, kwa adabu, kwamba kipaji unacho na hakuna anayekataa. Unachokwenda kutafuta ni namna ya kumpa mwingine. Ila na wewe ujue mapema: Muziki upo kwenye mitihani ya Kidato cha Nne, lakini shule zinazoufundisha ni chache, kwa hiyo chukua na somo la pili la kufundishia, Kiswahili au Historia.

Na huyo bibi, usimwache acheke bure. Kabla hujaondoka mrekodi kwa simu akipiga muheme: ngoma moja kwanza, kisha nyingine, kisha zote pamoja na waimbaji. Muulize kila ngoma inaitwaje na nani huanza. Jaribu kuziandika kwa solfa. Pale solfa itakapogoma, weka alama, uende nayo darasani.