Mwenzako anataka wateja waione sasa, wewe unataka imalizike kwanza: sisi tulivyotoka hapo

Mkuu, umeandika kuwa mwenzako anataka mfumo upelekwe kwa wenye maduka hata kesho, wewe unaona aibu kupeleka kitu nusunusu, na sasa hamsemeshani. Sisi tulizozana hivyohivyo, ila mimi nilikuwa upande wa mwenzako.

Tulikuwa tunatengeneza programu ya daftari la madeni kwa maduka ya mtaani. Mwenzangu, ambaye ndiye fundi wa mfumo, alitaka kwanza ziwemo ripoti za mauzo, stoo, mpaka risiti. Nikamuuliza: mangi akikataa kuandika deni kwenye simu, hizo ripoti za nani? Naye akanijibu kuwa mangi akikuta programu inakwamakwama siku ya kwanza, haigusi tena. Hoja zote mbili zina mashiko, ndiyo maana ubishi wa "lini" hauishi.

Kilichotutoa ni kuulizana: tunakwenda kujua nini, na tukijibiwa hapana tutabadilisha nini? Kama hamna kitakachobadilika, bora mbaki mfanye kazi. Swali letu likawa moja: dukani nani anaandika deni? Hilo halikuhitaji programu, nilikaa tu nyuma ya kaunta na karatasi. Kumbe mara nyingi anayeandika ni kijana wa dukani mwenye kitochi, na simu janja iko mfukoni kwa bosi aliyekwenda Kariakoo kufuata mzigo. Ripoti za mauzo ziliwekwa kando bila ugomvi.

Mnakumbuka M-Pesa. Majaribio yake Kenya mwaka 2005 yalilenga watu kurejesha mikopo ya Faulu, taasisi ya mikopo midogo. Waliopewa wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao, na Safaricom ilipoizindua Machi 2007 ikanadi hilo la kutuma pesa nyumbani. Lakini walianza na watu wachache, na pesa zenyewe zilikuwa za kweli. Hapo nampa haki mwenzangu: sura ya programu inaweza kuwa mbaya, hesabu haiwezi. Daftari la madeni lina majina na namba za watu, na kwetu Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Nendeni wote wawili. Akienda mmoja, anarudi na maneno ya mteja kama fimbo ya kumchapia mwenzake. Ndugu msiwaulize, shemeji atasema nzuri tu. Na asiye ndugu akisema nzuri, mwombeni hela ya mwezi wa kwanza papo hapo, hata kidogo.

Sisi tuliandikiana hivi: fundi ana kura ya turufu kwenye chochote kinachogusa pesa au taarifa za watu, na akizuia ataje tarehe nyingine. Mengine yote siku napanga mimi.