Prado ya zamani ya 1KZ: pesa inaishia wapi

Mkuu, umeuliza kama Toyota Prado ya 1997 yenye injini ya dizeli ya 1KZ-TE inafaa, kwa kuwa bei yake imeshuka hadi kufikia ya gari dogo. Inafaa, ila jumlisha na madeni anayokuachia muuzaji. Magari ya umri huu mara nyingi huingia sokoni siku fundi alipotaja gharama ya kitu kinachofuata.

Anza na upoozaji, maana 1KZ hufia hapo. Bloku ni ya chuma, silinda hedi, yaani kifuniko cha juu ya silinda, ni ya aluminiamu. Injini ikichemka vibaya mara moja tu, hedi inaweza kupinda au kupata ufa katikati ya valvu. Ipime ikiwa imelala usiku kucha: fungua mfuniko wa rejeta, washa, tazama maji. Mapovu yasiyokoma ni gesi ya silinda inayopenya. Kisha funga mfuniko, iache ingurume dakika mbili tatu, uminye hozi ya juu. Ikiwa imeshakuwa ngumu wakati injini bado haijapata moto, hedi au gasketi yake (kiziba cha kati ya hedi na bloku) ina tatizo.

Uliza pia thamostati, kifaa kinachodhibiti joto la maji ya injini, iko wapi. Mafundi wengi huing'oa eti gari lisichemke, kumbe injini inabaki baridi, inakunywa dizeli zaidi, na ugonjwa unafichika hadi siku unapopanda mlima Kitonga. Ukizima injini ya moto na feni ikazunguka kirahisi mizunguko kadhaa kwa kuisukuma na kidole, klachi yake ya silikoni, inayoifanya feni izunguke na injini, imechoka.

Hedi ikiwa na ufa, nunua nyingine. Ya kuchomelea ni kuahirisha msiba. Gasketi za injini hii zina unene tofauti, na huchaguliwa kwa kupima pistoni zimechomoza kiasi gani juu ya bloku. Fundi anayetaka "gasketi ya 1KZ" yoyote ya dukani, na anayekaza bolti kwa kukisia badala ya spana ya kupimia, atakuona tena.

Kama ni otomatiki, chomoa kijiti cha oili ya gia boksi. Oili yenye rangi ya yoghati ya stroberi maana yake kipoza oili kilichomo ndani ya rejeta kimetoboka na maji yameingia kwenye gia boksi. Rejeta kuukuu ibadilishwe kabla ya hapo, au ufunge kipoza cha nje; ni pesa ndogo ukilinganisha na gia boksi.

Mkanda wa taiming, unaoendesha valvu, hubadilishwa kila kilomita 100,000, pamoja na tenshona yake inayoukaza. Taa ya T-BELT kwenye dashibodi, inayokumbusha kubadilisha mkanda, ikiwa imezimwa si ushahidi, kwani huzimwa bila mkanda kuguswa. Usipoona risiti, badilisha. Ukikatika, valvu hugongana na pistoni.

Mbele kuna boljointi za chini, viungo vinavyoshikilia magurudumu. Kwenye Prado hii zimekaa kwa namna ambayo uzito wa gari unazivuta, hivyo ikichomoka moja, tairi linalala chini ya mdigadi. Hapa usibane matumizi: nunua halisi. Bushi na shokapu zinaweza kusubiri mshahara mwingine.

Gharama za kawaida zinahesabika. Oili ya injini ni takriban lita 7 na filta. Ukibadilisha kila kilomita 5,000 na kutembea 15,000 kwa mwaka, ni lita 21 na filta tatu. Kwa kilomita 8 kwa lita, mwaka huo ni lita 1,875 za dizeli. Hapa Tanzania ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa 2017 na kuhamishiwa kwenye mafuta, kwa hiyo mlevi wa dizeli kama huyu analipa zaidi. Mwaga maji ya chini ya filta ya dizeli mara kwa mara. Maji ndiyo yanayoua pampu na nozeli. Matairi ya 265/70R16 nunua manne kwa mpigo, kwani magurudumu yote yanavuta muda wote, na matairi yasiyolingana huichosha difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma.

Mwisho ingia uvunguni na nyundo ndogo, hasa kwa gari lililokaa Tanga au Dar karibu na bahari. Gonga chasisi karibu na springi za nyuma. Sauti ikiwa butu au kutu ikidondoka vipande, rudisha funguo, hata kama injini ni safi.