Mvua za Mtwara: anza na bati, gari litafuata

Mkuu, umesema unahamia Mtwara kutoka Dodoma, umepata nyumba ya kupanga Shangani, una gari dogo, na unataka kujua ujiandae vipi kabla mvua hazijaanza. Mi nimekaa Lindi na sasa nipo Mtwara miaka mingi, ngoja nikwambie ninavyofanya.

Msimu wetu ni ule ule mliouzoea huko, mwezi wa 11 mpaka wa 4. Tofauti ni bahari. Huku mvua inakuja na upepo, na kabla ya mvua chumvi imeshafanya kazi yake mwaka mzima kwenye misumari na mabati. Na usitegemee kalenda sana, maana kimbunga Hidaya kilitupiga mwanzoni mwa mwezi wa 5, 2024, watu washajua mvua zimeisha. Kenneth 2019 kilitupita kidogo tu kikashukia Cabo Delgado, Msumbiji, na wazee wa Lindi wana habari za kile cha mwezi wa 4, 1952. Kwa hiyo sio stori za kutishana.

Kabla hujasaini mkataba panda juu na fundi. Upepo hauanzi katikati ya paa, unaingia chini ya ukingo unanyanyua lile bati la mwisho, likishang'oka hilo mengine yanafuata. Angalia misumari ya pembeni, ikiwa na kutu badilisha yote na uiongeze, pale pembeni iwe karibu karibu kuliko katikati. Ukikuta bati ni geji 30 jua ni jembamba, geji 28 ndo afadhali. Halafu chungulia darini uone kama kenchi (mbao zinazobeba paa) zimefungwa kwenye lenta (mkanda wa zege juu ya ukuta) kwa waya wa nondo au zimekalishwa tu juu ya ukuta, hili ndo kubwa kuliko yote na wenye nyumba wengi hawalijui, mwambie mwenye nyumba wako alifanye yeye kwa sababu nyumba ni yake. Na afanye mwezi wa 9, minada ya korosho ikianza mwezi wa 10 pesa inamwagika, kila mtu anajenga, fundi humpati.

Minazi na miembe iliyo karibu na nyumba ipunguzwe matawi, nazi kavu ziangushwe. Mtaro uzibuliwe. Kama una simtanki funga gata, ila mvua ya kwanza iache ipite ioshe vumbi na kinyesi cha ndege. Ndugu zetu wa Newala na Tandahimba kule juu maji ni shida kweli, wanajua thamani ya hiyo gata.

Sasa gari. Mpira wa waipa wa Dodoma utakuwa umekaushwa na jua, nunua mpya. Tairi likiisha kashata (yale meno yake) usiingie nalo msimu, lami ikilowa linateleza hata ukienda taratibu. Betri ipimwe, breki zifunguliwe ziangaliwe, na chini ya gari paoshwe kwa maji yasiyo na chumvi mara kwa mara maana chumvi inakula chesesi, ile fremu ya chini, kimya kimya. Usipaki chini ya mnazi, hata kama kivuli kinavutia.

Ukikuta maji yamekata barabara, yakiwa yanakwenda kasi usiingie kabisa, hata kama basi limepita mbele yako, basi lina uzito na wewe huna. Na gari likizimika ndani ya maji USIPIGE STATA. Maji yakiingia kwenye silinda hayabanwi kama hewa, ukilazimisha koni rodi (chuma kinachosukuma pistoni) inapinda, hapo unazungumzia injini nyingine. Lisukumeni litoke, fundi atoe plagi kwanza.

Cha mwisho mafuta. Hidaya ilipokata barabara kule Somanga, Kilwa, njia ya Dar ilifungwa siku kadhaa, watu wakalala kwenye mabasi, wenye haraka wakazungukia Masasi, Tunduru mpaka Songea. Msimu ukianza mi tenki halishuki chini ya nusu, gesi ya kupikia na maji ya kunywa vinakuwepo ndani, na taarifa za TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, nazisoma kila asubuhi.

Ukienda kuiona nyumba piga picha ukingo wa paa upande wa baharini uiweke hapa, nikuambie misumari ipi ya kubadilisha.