Damu kwenye mswaki, unene na uchovu usioisha baada ya UVIKO

Msomaji wangu mmoja kaniandikia. Tangu augue UVIKO hana nguvu, amenenepa mpaka nguo za zamani amezigawa, na kila akipiga mswaki anatema damu. Anauliza, "Dada, haya ni magonjwa matatu au nimelogwa?"

Hujalogwa, mdogo wangu. Nakujibu hapa mbele ya wote kwa sababu njia hiyo nimeipita.

Niliugua 2021. Homa ilipita, uchovu ukabaki. Kupanda ngazi za ofisini nilikuwa naegemea ukuta, na majina ya watu ninaofanya nao kazi yalinipotea. Matembezi ya jioni yakanishinda, kilo zikapanda, na hapo maneno yakaanza. Ndugu walisema uvivu. Daktari mmoja alinitazama kuanzia juu mpaka chini akasema, "Mama, punguza kula," bila kunipima chochote. Neno lile linaniuma mpaka leo, na naliandika ili wanaotibu watu walisome. Maana Oktoba mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilieleza hali hii ya kubaki mgonjwa baada ya UVIKO: dalili ambazo mtu anazo miezi 3 tangu augue, zimedumu angalau miezi 2, na hazina sababu nyingine. Uchovu, kukosa pumzi, akili kuwa nzito. Uvivu haumo.

Aliyenifungua macho ni daktari wa meno. Nilimfuata kwa jino lililotoboka, yeye akaanza na fizi. Alipitisha kichuma chembamba chenye alama za milimita kati ya fizi na jino, akimsomea msaidizi wake: tano, sita, tano. Kwenye fizi nzima hakizami zaidi ya milimita 3. Kisha akauliza, "Sukari umepima lini?"

Akanieleza kwa utulivu. Ukoga, ule utando laini wa kwenye meno, usipoondolewa hugeuka ugaga mgumu kama jiwe, bakteria wakajificha chini ya fizi, na mwili ukapigana nao usiku na mchana. Kemikali za mapambano hayo huingia kwenye damu. Mafuta ya tumboni nayo hutoa kemikali za namna hiyohiyo, ndiyo maana ugonjwa wa fizi huwapata zaidi wenye unene uliopitiliza. Sukari ikipanda, fizi huharibika haraka. Fizi zikiugua, sukari hugoma kushuka. Virusi vikimkuta mtu wa hivyo, vinamkuta mwili wake umeshachoka.

Nilipofika nyumbani nikasoma mwenyewe. Qatar walichunguza wagonjwa 568 wa UVIKO: wenye ugonjwa wa fizi ndio waliofikishwa zaidi wodi ya mahututi, kwenye mashine ya kupumulia, na hata kufariki. Huo ni uhusiano, haujathibitisha kwamba fizi ndizo chanzo. Tafiti nyingine zimeona wenye unene uliopitiliza wakibaki na dalili za muda mrefu kuliko wengine.

Nilikwanguliwa ugaga, nikashika mswaki laini asubuhi na usiku, na uzi wa meno. Damu ilikoma. Sukari yangu, iliyokuwa mpakani, ikarudi chini. Nguvu zilirudi polepole, na leo ngazi zilezile nazipanda nikiongea na simu. Najivunia hilo.

Wapendwa, tunanunua chai za kupunguza tumbo kwa bei ya kutisha, halafu damu ya kwenye sinki tunaifungulia bomba tu! Mdomo ni sehemu ya mwili wako. Kwa mwenye kisukari, kutibu fizi hushusha kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu (HbA1c), kinachosomwa kwa asilimia, kwa takribani pointi 0.4. Uangalie mdomo wako.

Na wewe mdogo wangu, ukifika kliniki usiseme tu unataka kusafishwa meno. Sema damu inatoka, sema uliugua UVIKO na uzito umeongezeka. Omba fizi zipimwe kwa kile kichuma, na sukari ipimwe wiki hiyohiyo. Mkaa na chumvi achana navyo, ugaga hautoki kwa kusugua. Mazoezi anza kwa dakika chache, ukiona kesho yake umelala hoi, punguza.