Ajira kwa aliyesoma siasa na uhusiano wa kimataifa

Mdogo wangu, umeuliza kama digrii ya siasa na uhusiano wa kimataifa ina kazi, maana nyumbani wanakwambia ubalozini hapaingiliki. Nafasi za Wizara ya Mambo ya Nje kweli ni chache, lakini dunia haiishii hapo. Tazama Arusha tu: makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yapo pale, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ipo palepale. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imeingia kwenye Jumuiya mwaka 2022, kwa hiyo Kifaransa kitakusaidia sana.

Mimi nilisoma hiyohiyo. Nilianza kwa kujitolea kwenye asasi ndogo ya mambo ya uchaguzi, miezi 8 bila mshahara, nauli tu, nikiandika mihutasari ya vikao na kupanga fomu za waangalizi. Iliniuma. Ila aliyekuja kuniajiri hakuuliza GPA, yaani wastani wa alama za chuo. Alinipa ripoti ya kurasa 40, akataka kurasa 2 kabla ya saa saba mchana. Nikaweza, kwa sababu ya ile mihutasari.

Mwenzangu wa darasani yuko Namanga, mpakani mwa Tanzania na Kenya, kwa wakala wa forodha. Aliongeza cheti cha forodha, sasa kanuni za uasili wa bidhaa, yaani za kutambua bidhaa imetoka nchi gani, anazo kichwani, na madereva wa malori wanamuulizia kwa jina.

Uko mwaka wa ngapi? Kama likizo ndefu bado iko mbele, anza Kifaransa sasa hivi, na barua za kuomba kujitolea zitume mapema.